Mizani ya Muundo wa Mwili: Mwongozo wa Kuichagua na Kuitumia Nyumbani

Mizani ya muundo wa mwili ni chombo cha nyumbani ambacho, pamoja na kumwonyesha mtu uzito wake, humpa makisio ya kiasi cha uzito huo ambacho ni mafuta, misuli, maji na mifupa. Kwa nje haitofautiani sana na mizani ya kawaida ya kidijitali, isipokuwa juu yake pana vibamba vya chuma, au utando mwembamba usioonekana wa oksidi ya indiamu na bati, ambavyo hukanyagwa kwa miguu mitupu. Kampuni ya Tanita ya Japani ilileta mizani ya namna hii kwa matumizi ya nyumbani mnamo 1994, kampuni ya Withings ya Ufaransa ikauza mizani iliyounganishwa na intaneti kuanzia 2009, na tangu Xiaomi na watengenezaji wengine wa China walipojitosa sokoni, bei imeshuka hata mnunuzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Maskati anaweza kukipata chombo hiki kwa fedha zisizozidi sana bei ya mizani ya kawaida. Unafuu huo una hatari yake, kwa kuwa chombo kinachotoa namba kumi na tatu, na wakati mwingine zaidi ya ishirini, humfanya mtu aamini kwamba kila namba imepimwa, ilhali zilizopimwa ni mbili tu. Mnunuzi akilielewa hilo barabara, mengi yaliyosalia katika uchaguzi wake yatajipanga yenyewe.

Kinachopimwa na kinachokisiwa

Namba ya kwanza inayopimwa ni uzito. Ndani ya pembe nne za mizani mna vihisio vya chuma ambavyo hupinda kwa kiasi kidogo mno mtu anapopanda, na mpindo huo hugeuzwa kuwa ishara ya umeme na hatimaye kuwa kilo. Teknolojia hii ni ya muda mrefu na imekomaa, kwa hiyo hata mizani ya bei ndogo mara nyingi huutaja uzito kwa usahihi wa kuridhisha.

Namba ya pili ni ukinzani, yaani kiasi ambacho mwili unauzuia umeme kupita. Mizani hupitisha mkondo geu dhaifu, usiofika miliampea 1 na usiohisiwa kabisa na aliyesimama, ambao katika vyombo vingi huwa na masafa ya kilohezi 50, yaani mizunguko 50,000 kwa sekunde. Misuli, ambayo takriban robo tatu yake ni maji yenye chumvi, huupitisha mkondo huo kwa urahisi, na mafuta, ambayo yana maji machache, huuzuia. Mwili wenye ukinzani mdogo kulingana na urefu wake hukisiwa kuwa na maji mengi na kwa hiyo misuli mingi, na mwili wenye ukinzani mkubwa hukisiwa kuwa na mafuta mengi.

Kutoka hapo kila kitu ni hesabu. Programu iliyomo ndani ya mizani huchukua urefu wa mtu ukizidishwa kwa wenyewe, huugawa kwa ukinzani, huongeza umri, jinsia na uzito, na kwa kanuni iliyotungwa kutokana na watu waliopimwa maabara hupata kiasi cha maji mwilini. Kisha huchukulia kwamba sehemu ya mwili isiyo mafuta ina maji kwa asilimia 73 hivi, hupata uzito wa sehemu hiyo, na kilichobaki hukiita mafuta. Kila hatua ya mlolongo huu ina dhana ndani yake, na dhana hizo hufaa kwa wastani wa kundi la watu kuliko zinavyomfaa mtu mmoja mmoja. Anayetaka kulithibitisha hili hahitaji maabara: apande juu ya mizani, asome asilimia ya mafuta, kisha abadilishe umri au jinsia kwenye programu ya simu na kupanda tena bila kubadilisha kitu kingine chochote. Katika mizani nyingi jibu litabadilika, ingawa mwili ni ule ule. Vivyo hivyo kuna kitufe cha mwanariadha, ambacho Tanita hukielekeza kwa mtu mzima anayefanya mazoezi makali kwa muda usiopungua saa 10 kwa wiki na ambaye moyo wake, akiwa ametulia, hupiga mara 60 kwa dakika au chini ya hapo. Kukibonyeza hushusha asilimia ya mafuta papo hapo, na asiyetimiza masharti hayo akikibonyeza anajidanganya mwenyewe.

Njia inayopitwa na umeme nayo ina uzito wake katika hoja. Mizani yenye vibamba vya miguuni pekee hupitisha mkondo kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na kwa sababu hiyo habari inazozipata zinahusu zaidi miguu na nyonga, huku mikono, kifua na sehemu kubwa ya tumbo zikikisiwa. Hata pale umeme unapopita kiwiliwili, ugumu haumaliziki, kwa maana kiwiliwili hubeba karibu nusu ya uzito wa mwili lakini, kwa kuwa ni kinene na kifupi, huchangia takriban sehemu moja ya kumi tu ya ukinzani wote. Kitambi, ambacho ndicho kinachowahusu zaidi watu walio katika hatari ya kisukari na shinikizo la damu, kiko mahali ambapo chombo hiki kina uwezo mdogo kuliko kwingine kote.

Hata hivyo takriban kila mizani hutoa namba ya mafuta ya ndani ya tumbo, yaani yale yanayozunguka ini, utumbo na viungo vingine vya ndani, na namba hiyo inastahili tahadhari ya pekee. Tanita huitoa kwa ngazi kuanzia 1 hadi 59 na kuhesabu 1 hadi 12 kuwa hali njema, ilhali Omron, kampuni nyingine ya Japani, hutumia ngazi kuanzia 1 hadi 30 na huhesabu 9 na chini ya hapo kuwa kawaida. Anayelinganisha ngazi yake ya 11 katika mizani moja na ngazi ya 11 ya ndugu yake katika mizani nyingine analinganisha vitu viwili visivyo na kipimo kimoja. Uzito wa mifupa nao haupimwi, maana mkondo huu hauoni mfupa. Hukisiwa kutokana na sehemu ya mwili isiyo mafuta, na hauwezi kumwambia mama mtu mzima kama mifupa yake imedhoofika. Kinachoitwa umri wa kimetaboliki, yaani ulinganisho wa nishati inayotumiwa na mwili uliotulia na wastani wa watu wa umri fulani, hakina kiwango kinachokubaliwa na wote, na mnunuzi anaweza kukipuuza bila hasara yoyote.

Ukubwa wa kosa unajulikana. Watafiti wa Ufaransa waliochapisha kazi yao mwaka 2021 walizilinganisha mizani tatu za nyumbani na kipimo cha DEXA, ambacho hutumia miali miwili ya eksirei kutenganisha mafuta, mfupa na tishu nyingine, wakakuta kwamba katika uzito mizani hizo zilikosea kwa chini ya nusu kilo, lakini katika mafuta zilipunguza kilo 2 hadi zaidi ya 4. Hitimisho lao lilikuwa kwamba mizani hizi zinafaa kwa kufuatilia uzito na hazipaswi kushika nafasi ya DEXA katika matibabu. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna la kuongeza: kanuni nyingi zilitungwa kwa kuwapima watu wa Japani, Ulaya na Marekani, na kwa kuwa uwiano wa urefu wa miguu na kiwiliwili hubadilisha ukinzani, jamii ambayo haikuwamo katika upimaji ule inaweza kupata kosa kubwa zaidi bila mizani kutoa dalili yoyote.

Dukani

Soko lina ngazi tatu, na mnunuzi hana budi kujua anasimama kwenye ipi. Ngazi ya chini ni mizani za kioo zenye vibamba vya miguuni, zinazouzwa kwa majina mengi sana, nyingi kwa chini ya dola 40 za Marekani. Hapa wamo Xiaomi na Renpho, na pia wasio na jina, ambao mizani zao hutumia sakiti za watengenezaji wachache wa China. Mnunuzi anayekuta maboksi matatu yenye majina tofauti, yote yakimwelekeza kupakua programu ile ile ya Fitdays au OKOK, akadirie kwamba anaangalia karibu chombo kimoja chenye rangi tatu, na achague kwa bei na dhamana. Ngazi ya kati ni mizani zinazotuma matokeo zenyewe kwa Wi-Fi, ambazo ubora wake uko zaidi katika urahisi wa kuhifadhi kumbukumbu kuliko katika upimaji wa mafuta. Ngazi ya juu ni zile zenye mpini wa kushika kwa mikono, kama vile H20N ya InBody ya Korea Kusini au Body Scan ya Withings, ambayo iliuzwa Marekani kwa karibu dola 400. Hizi hupitisha mkondo mikononi na miguuni, hivyo hupata habari za mwili mzima. Omron imeuza mizani zenye mpini kwa miaka mingi kwa bei ya chini kuliko hizo. Iwapo mtu ameamua kulipa zaidi kwa ajili ya takwimu za mafuta, mpini ndio unaostahili kulipiwa. Idadi ya vipimo iliyoandikwa kwenye boksi haistahili hata senti moja ya ziada, kwa sababu vipimo vyote hivyo hukamuliwa kutoka katika namba mbili zile zile.

Kabla ya kulipa, uzito ujaribiwe. Mizani iwekwe kwenye sakafu ngumu, mnunuzi apande, asome, kisha apande tena akiwa ameshika dumu la maji la lita 5, ambalo litaongeza kilo 5 na kidogo, halafu apande mara ya tatu bila dumu. Dumu lina kazi mbili. Kwanza linaonyesha kama mizani inahesabu ongezeko sawasawa. Pili linazuia hila inayopatikana katika mizani nyingi za kidijitali, ambazo huhifadhi uzito wa mwisho na kuurudia pale upimaji unaofuata unapokaribiana nao, hivyo kuonekana thabiti kuliko zilivyo. Tofauti ya gramu 100 au 200 kati ya mara ya kwanza na ya tatu inavumilika. Ikizidi nusu kilo, mizani irudishwe kwenye rafu.

Maandishi ya boksini yanayodai kuonyesha hadi gramu 50 yasimvutie mtu kupita kiasi. Hatua ndogo inayoonekana kwenye skrini ni jambo moja, na usahihi ni jambo jingine. Mizani hupima nguvu ambayo dunia inauvuta mwili, na nguvu hiyo hupungua kidogo karibu na ikweta na kwenye nyanda za juu, kiasi kwamba mizani iliyorekebishwa Tokyo ikiletwa Nairobi bila kurekebishwa upya itampunguzia mtu wa kilo 70 takriban gramu 150. Upungufu huo haudhuru afya ya yeyote, ila unaonyesha kwamba madai ya gramu 50 yana thamani ndogo kwa chombo ambacho hakipitii ukaguzi kama ule ambao Wakala wa Vipimo nchini Tanzania huufanya kwa mizani za biashara.

Kinachosahaulika zaidi dukani ni maisha ya programu. Mizani nyingi haziwezi kuonyesha chochote zaidi ya uzito bila simu, na programu ya simu inaweza kuondolewa wakati wowote na aliyeitengeneza. Mwaka 2016 kampuni ya Under Armour ya Marekani ilileta mizani kama sehemu ya seti ya vifaa vya mazoezi, na mwaka 2020 ilipoisitisha programu iliyoviendesha, wanunuzi walipoteza huduma za chombo walichokwisha kulipia. Ni busara kuchagua mizani inayoonyesha angalau uzito na asilimia ya mafuta kwenye skrini yake yenyewe, na inayoruhusu kumbukumbu kutolewa kama faili la kawaida la jedwali. Anayenunua ya Wi-Fi ahakikishe pia kwamba ruta ya nyumbani inatoa masafa ya gigahezi 2.4, kwa kuwa nyingi hazipokei masafa mengine.

Programu hizo huomba umri, jinsia, urefu na anwani ya barua pepe, na baadhi huomba kujua mahali alipo mtumiaji hata baada ya mizani kuunganishwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi zote huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini seva ya kampuni iliyo nje ya nchi si rahisi kuifikia kwa barua ya malalamiko. Kinga iliyo mikononi mwa mtumiaji ni kutoa ruhusa chache kadiri iwezekanavyo, kutumia jina lisilo kamili, na kuifuta akaunti kabla ya kumpa au kumuuzia mtu mwingine mizani.

Nyumbani

Kwa kuwa ukinzani huyafuata maji, kila kinachogusa maji ya mwili hugusa pia namba ya mafuta. Mtu aliyepungukiwa maji kwa jasho, homa au kuharisha ataonekana ameongezeka mafuta, na aliyetoka kunywa na kula ataonekana vingine, bila mafuta yenyewe kubadilika hata kidogo. Mazoezi, kuoga maji ya moto, kibofu kilichojaa na siku za hedhi vyote vina athari. Dawa ni kuirudia hali ile ile: asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya chai, bila nguo nzito, kwenye sakafu ya saruji au vigae na kamwe si juu ya zulia au mkeka. Katika mwezi wa Ramadhani anayefunga achague saa moja, kwa mfano kabla ya daku, na aishike mwezi wote, wala asizilinganishe namba za mwezi huo na za Shaabani kana kwamba zimepatikana kwa masharti sawa.

Miguu nayo itayarishwe. Magaga na ngozi kavu ya nyayo huzuia umeme, na mafuta ya kujipaka huweka utando kati ya ngozi na kibamba, hivyo mizani ama hukataa kupima ama huongeza ukinzani ambao haumo mwilini. Nyayo zioshwe, zikaushwe kiasi cha kubaki na unyevu mdogo tu, na vibamba vifutwe. Mapaja yanayogusana hufupisha njia ya mkondo, kwa hiyo mtu asimame miguu ikiwa imeachana, na anayetumia mpini anyooshe mikono bila kuibana ubavuni.

Katika kusoma matokeo, wastani wa siku saba una maana kuliko namba ya siku moja, na mwelekeo wa wiki sita una maana kuliko wastani wa wiki moja. Uzito wa mtu mzima huweza kupanda na kushuka kilo moja au mbili ndani ya siku chache kwa sababu ya maji, chumvi na chakula kilichomo tumboni. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kilokalori 7,700, kiasi kinachozidi mahitaji ya siku tatu ya watu wazima wengi, na kwa hesabu hiyo kilo iliyoongezeka kati ya jana na leo ni maji na chakula zaidi kuliko mafuta. Mizani ile ile, ikitumiwa na mtu yule yule kwa masharti yale yale, huweza kuonyesha mwelekeo kwa uaminifu hata kama namba yake imekosea kwa asilimia kadhaa, kwa sababu sehemu kubwa ya kosa hubaki pale pale. Mtu akibadili mizani katikati, mfululizo umekatika na kumbukumbu zianzwe upya.

Kando ya mizani iwepo futi ya fundi cherehani. Kiuno kikipimwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi bila kulibana tumbo, hutoa habari za kitambi ambazo vibamba vya miguuni haviwezi kuzifikia. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wa mtu, na kuanzia sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari huhesabiwa kuwa imeanza kupanda. Kwa familia yenye fedha za kutosha kwa kitu kimoja tu, mizani nzuri ya uzito pamoja na futi hiyo ni ununuzi bora kuliko mizani ya kioo yenye vipimo ishirini.

Wapo wasiopaswa kabisa kupitisha mkondo huu mwilini: mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au kifaa kingine cha umeme kilichopandikizwa. Mjamzito pia hushauriwa na watengenezaji asitumie kipimo cha mafuta, na hata angekitumia, namba zake zisingekuwa na maana kwa sababu ya maji yaliyoongezeka. Baadhi ya mizani zina hali ya kupima uzito pekee, inayozima mkondo, na nyumba yenye watu wa namna hiyo inunue ya aina hiyo tu. Anayesafishwa damu kwa sababu ya figo, mwenye miguu iliyovimba kwa ugonjwa wa moyo au ini, na mtoto anayekua, wote wapimwe uzito na asilimia ya mafuta iachwe, kwa kuwa dhana ya maji ya asilimia 73 haisimami kwao. Na yeyote ambaye uzito wake umepungua kwa asilimia 5 au zaidi ndani ya miezi 6 hadi 12 pasipo kukusudia, yaani kilo 3.5 kwa mtu wa kilo 70, aende kituo cha afya na kumbukumbu za uzito wake, hata kama programu ya simu inampongeza kwa kupunguza mafuta.